Sauti ya Saa Saba

Kila siku ya kazi, ikitimia saa saba mchana, king'ora cha kiwanda cha mananasi kililia Thika nzima ikasikia, na kila kilipolia Kalondu alilowa kifua.

Hakuwa na la kufanya. Kisu kingali mkononi, nanasi lingali nusu, maziwa yalikuja yenyewe. Wenzake wa mezani walimcheka. "Urbanus amemkamua tena!" walisema, kwa sababu Urbanus, fundi wa boila iliyokipa king'ora mvuke, ndiye aliyevuta kamba yake. Kalondu alicheka nao, akavua glavu, akakimbilia mlango wa kantini. Hapo Saida, jirani yake kutoka Majengo, alikuwa ameshafika na Mumbua, mtoto wa Kalondu, mgongoni, na Mumbua alikuwa ameshaanza kupiga mateke. Alikuwa na miezi tisa. Saa hakuijua, king'ora alikijua.

"Mchukue askari wako, Mama Mumbua," Saida alisema. "Kikilia tu ananivuta mtandio kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia."

Ndipo kwaya ilipoanza. Walikuwa watu ishirini na wawili, wa kumenya, wa kupika, wa kubandika lebo, na Urbanus aliyeingia mbio akishaachia kamba, na saa ya chakula waliigawa nusu ya kuimba, nusu ya kula. Mwalimu wao, Ephantus, alikuwa karani wa stoo. Alisimama mbele na penseli yake, akangoja, na king'ora, kilicholia dakika kadhaa, kilipokuwa kinafifia alishusha penseli, nao wakaingia wote kwa pamoja. Kalondu ndiye aliyetoa wimbo. Aliutoa akiwa amekaa juu ya kreti, mtoto ziwani chini ya leso, na mtoto alinyonya akifuata mapigo, mguu mmoja ukicheza nje.

"Nanasi lina miiba," Kalondu aliimba, na wenzake wakamjibu, "Ingia, ndani kuna asali."

Wimbo aliutunga Ephantus mwenyewe. Alipenda kuwaambia kwamba kwaya nyingine hutafuta sauti ya kuanzia kwa kinanda, lakini wao walikuwa na sikio lake. Hakuna aliyembishia. Kila siku walianza sawasawa, na kila siku wimbo uliwakaa shingoni kama shanga.

Mwaka wa 1996 kulitangazwa mashindano ya kwaya za wafanyakazi wa dunia, katika mji mmoja wa Uholanzi. Ephantus alirekodi kaseti humo humo kantini, akaituma kimya kimya kwa kuogopa kuchekwa. Baada ya miezi mitatu barua ikaja. Kenya haikuwahi kushiriki, barua ilisema, na sasa imekubaliwa miongoni mwa nchi kumi na tisa, nauli italipwa. Mwishoni waliongeza neno la sifa, kwamba walipendezwa sana na baragumu la kienyeji linalofungua wimbo.

"Baragumu gani?" Urbanus aliuliza.

Ephantus aliisoma barua tena, polepole. Kisha mtu mmoja akaangua kicheko, na kantini nzima ikamfuata mpaka sahani zikagongana.

"Boila yangu!" Urbanus alipiga meza. "Wazungu wamependa boila yangu!"

Walicheka wiki nzima. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Kalondu peke yake hakulala vizuri. Safari ilikuwa ya siku nane. Mchana kutwa mtoto alikuwa wa Saida, usiku alikuwa wa usingizi, na zile dakika za juu ya kreti ndizo zilizokuwa zao wawili. Alimwambia Ephantus atafute mwimbaji mwingine.

"Nimtafute wapi?" Ephantus alimwuliza. "Bila wewe hatuna wimbo, tuna kelele tu. Mama Mumbua, nchi yenyewe ni hii ndogo yetu, na watakaoisimamia ni sisi wamenya mananasi. Utatuacha?"

Munyao, mumewe, alisema nenda. Lakini Munyao hakuwa na maziwa. Basi Kalondu alimbeba mtoto mpaka Ruiru, kwa mama yake Munyao, amwombe amlee siku hizo. Mama mkwe alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuacha kupepeta.

"Mtoto atakula uji, hatakufa njaa," alisema. "Nimelea saba. Lakini nikwambie, ziwa ni kama njia ya shambani. Usipoipita, nyasi inaota. Siku nane ni nyingi. Utarudi utakuta limekauka, na huyu amekusahau, na hapo usinililie."

"Nitajitahidi, Mwaitu," Kalondu alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Utajitahidi vipi? Utanyonyesha Wazungu?"

Kalondu alicheka, akamfunga mtoto mgongoni upya.

Huko Uholanzi, mvua ilinyesha bila ngurumo na watu walitembea bila kusalimiana. Asubuhi na jioni Kalondu alijifungia bafuni akajikamua kwenye sinki ili ziwa lisisahau kazi yake. Siku ya kwanza yalitoka ya kujaza kikombe. Siku ya tatu, vijiko viwili. Siku ya tano alikamua mpaka ngozi ikamwuma, akapata matone, akafungua bomba yaende. Alisema samahani, asijue anamwambia nani.

Siku hiyo hiyo walipewa ukumbi kwa nusu saa wajaribu wimbo. Walijipanga. Ephantus akainua penseli, akangoja, akaishusha.

Hakuna aliyeingia.

Wakatazamana. Akainua tena, akashusha, na safari hii waliingia wote, kila mtu na lake, mithili ya kuku waliomwagiwa maji. Ephantus akakohoa, akawaimbia doh. Walipoifuata, wimbo ulipanda juu mno, na kwenye neno "asali" koo la Kalondu lilipasuka likatoa mlio wa mlango. Akawapa ya chini. Urbanus na wenzake wa sauti nzito wakazama kama lori matopeni. Mwishowe Ephantus aliketi kwenye piano iliyokuwa pembeni, akabonyeza kitufe kimoja kimoja. Urbanus alisimama karibu naye akitikisa kichwa.

"Siyo hiyo. Hiyo pia siyo. Hapo umekaribia. Aii, umeruka." Akaweka kidole chake kinene kati ya vitufe viwili. "Iko hapa katikati, Mwalimu."

"Katikati hakuna kitu, Urbanus. Ni ufa."

"Basi iko kwa ufa."

Ephantus alifunga kifuniko cha piano, akaweka penseli juu ya magoti. Aliposema, alisema chini chini.

"Miaka minne nawaambia ni sikio langu. Kumbe ni boila."

Sasa walielewa wote. Tangu kwaya ianze, walikuwa hawajawahi kuimba nje ya geti la kiwanda. Kila mara waliingia kwenye mkia wa king'ora, na king'ora kilibaki Thika, kwenye paa la mabati, kikiwaita watu wengine kula. Bwana mmoja mwenye kadi shingoni alikuja kuwaonyesha saa: muda umekwisha.

Usiku huo walikwenda vyumbani mapema. Kila mmoja alivuma peke yake chini ya blanketi, akiitafuta sauti ya king'ora, na asubuhi kila mmoja alikuwa ameipata, na hakuna aliyefanana na mwenzake.

Siku ya mashindano walipangwa katika ujia nyuma ya jukwaa, wanawake kwa blauzi za samawati na leso kiunoni, wanaume kwa mashati ya rangi hiyo hiyo. Mbele yao iliimba nchi ambayo kwaya yake pekee ilikuja kwa mabasi mawili. Sauti zao zilipita ukutani, laini, zimenyooka kama nguo zilizopigwa pasi. Binti mmoja alisimama karibu na mlango ameshika kibao kilichoandikwa Kenya.

"Tutaanza tu popote," Ephantus alinong'ona. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Popote. Mungu atatuokota."

Kalondu aliegemea ukuta. Alikuwa anamfikiria Mumbua, kwamba kule Ruiru siku sita zilikuwa zimepita bila king'ora, na labda naye alikuwa ameanza kukisahau. Akakumbuka jinsi kilivyokuwa kikianza. King'ora hakikurukia juu. Kilianzia chini, kama mtu anayekohoa, kikapanda, kikapanda, kikafika mahali pake kikakaa. Bila kukusudia, akafumba macho, akaanza kukiiga kwa kuvuma, kutoka chini, akipanda polepole.

Alipofika mahali fulani katika kupanda huko, sindano zilimchoma kifuani.

Alizijua. Zile sindano ndogo ndogo zinazokuja kabla ya maziwa. Akapita, zikaondoka. Akarudi chini kidogo, akaitafuta tena, na zilipokuja safari hii hakuondoka hapo. Maziwa yakaja. Baada ya siku mbili za matone, yalikuja kwa nguvu, yakapita kitambaa alichojiwekea, yakashuka yakiwa moto mpaka kiunoni.

Hakuachilia sauti. Alimshika Urbanus mkono, akamvuta, akamvumia karibu na sikio. Urbanus aliinamisha kichwa. Kisha macho yakamtoka.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ngai wangu, ndiyo hiyo! Usiiache, Kalondu. Ukitaka kupumua nipe nikushikie."

Akampa. Urbanus akaishika chini, yeye akavuta pumzi, akaichukua tena. Mwanamke wa nyuma akaichukua kwake, na wa nyuma yake, ikapita ujia mzima kama moto wa kuombwa kwa jirani. Mlango ukafunguliwa. Waliingia jukwaani wakivuma, watu ishirini na wawili, na ukumbi ulidhani ndivyo wimbo unavyoanza. Ephantus alitembea mbele akiwa hajui kilichotokea, lakini masikio yake aliyoyatukana jana yalimwambia hapa ni nyumbani. Akageuka, akawatazama mmoja mmoja. Akainua penseli.

"Nanasi lina miiba," Kalondu aliimba.

"Ingia," walimjibu, "ndani kuna asali!"

Wimbo uliwakaa shingoni. Sauti nzito zilikanyaga chini kama miguu ya watu wengi wanaotoka zamu, za wanawake zikapanda juu yake bila kukwaruza, na neno "asali" likafunguka kooni mwa Kalondu mpaka mwanamke mmoja safu ya mbele akaweka mkono mdomoni. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu aliangalia chini, akaona blauzi ina madoa mawili makubwa, na taa zote zimemwelekea. Hakuwa na mtoto wa kufunikia. Akainua mikono yote miwili, juu kabisa, akaimba hivyo mpaka mwisho.

Walipomaliza, watu wakasimama.

Matokeo yalisomwa kuanzia nyuma. Ya kumi na tisa, siyo wao. Ya kumi na tano, siyo wao. Zilipofika za tano na za nne bila Kenya kutajwa, Ephantus aliwainamia.

"Wametusahau," alisema. "Kusanyeni masweta polepole, tusionekane tumekasirika."

Walikuwa wameshakusanya masweta, na Urbanus ameshavaa lake kinyume, wakati nafasi ya kwanza iliposomwa. Ilibidi yule binti wa kibao aje awavute. Hivyo ndivyo Kenya ilivyopanda kuchukua kikombe chake, mwalimu wao akilia waziwazi, mmoja amevaa sweta mbele nyuma. Jaji mmoja, mzee mwenye ndevu, alimwuliza Ephantus lile baragumu la kwenye kaseti wameliacha wapi. Ephantus alipowatafsiria, Urbanus alimnyooshea kidole Kalondu.

"Mwambie hatukuliacha. Ni huyu."

Siku ya nane, lori la kiwanda liliwapokea uwanja wa ndege, nao waliimba njia nzima. Walipofika Ruiru lilisimama ili Kalondu ashuke. Urbanus alimkabidhi kikombe kikiwa kimefungwa kwenye leso.

"Leo kinalala kwako. Jumatatu uje nacho kazini, na mtoto pia."

Mama mkwe alikuwa uani, Mumbua kiunoni. Kalondu aliweka mzigo chini, akanyoosha mikono. Mtoto alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja kuuliza njia, kisha akaficha uso begani kwa nyanya yake.

"Nilikwambia," mama mkwe alisema, na sauti yake haikuwa ya kushinda. Alionekana kama angependa awe amekosea. "Usimlazimishe. Ni wa uji sasa."

Kalondu hakumlazimisha. Aliketi kwenye kigoda kando ya karai la nguo, akafungua vifungo viwili vya blauzi, akatazama upande mwingine kabisa, kwenye ukuta. Akaanza kuvuma. Alianzia chini, akapanda, akapanda, akafika mahali pake akakaa.

Mguu wa Mumbua ulianza kucheza.

Kichwa kikainuka begani. Mtoto akaangalia juu, kana kwamba king'ora kilikuwa hewani mahali fulani, akaangalia huku na huku, kisha akamwona anayekiliza. Akapiga kelele ya hasira, ile ile ya mlango wa kantini, akajirusha kwa mikono yote miwili mpaka nyanya yake akapepesuka. Alipofika alishika ziwa kama mtu anayedai chake, na maziwa yakaja. Yalikuwa machache, lakini yalikuja, na kila alipovuta yaliongezeka.

Mama mkwe alimtazama mjukuu mpaka akatulia. Kisha akafungua lile fundo la leso, akakishika kikombe cha fedha kwa masikio yake mawili, akakigeuza kwenye jua.

"Na hiki ni cha nini?"

"Ndicho tulichoshinda, Mwaitu. Tumezishinda nchi kumi na nane."

"Kina tundu?"

"Hakina."

Mama mkwe alikisuuza kwa maji ya mtungi, akaingia jikoni, akatoka nacho kimejaa uji wa wimbi hadi ukingoni, mvuke ukipanda. Akampa Kalondu mkononi, akamsaidia kukishika kwa sababu kilikuwa kizito na mkono wake mwingine ulikuwa na kazi.

"Kunywa chote," alisema. "Kisha unisikilizishe huo wimbo."