Kisu cha Baba na Kamba ya Nailoni

Kila baada ya majuma kadhaa, mnoa visu hupita chini ya dirisha langu na baiskeli yake. Huisimamisha kwa stendi, hupiga pedali, na jiwe linapoanza kula chuma hutoka harufu ya chuma chenye moto na maji. Majirani hushuka na visu vyao vya jikoni. Mimi hufunga dirisha. Kelele zake hazinisumbui hata kidogo. Ni ile harufu, maana hunirudisha Old Moshi, kwenye kihamba chetu, shamba la migomba lililozunguka nyumba, nikiwa darasa la nne.

Baba alikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe nyeusi. Kilikaa kwenye mfuko wa kulia wa suruali yake siku zote, hata Jumapili kanisani. Kwa kisu hicho alikata kamba, alimenya machungwa, alichonga penseli zetu, na kwenye sherehe alikatia nyama. Mama alizoea kusema kwamba siku nyumba ikiungua, Baba atatoka na kisu kwanza, halafu ndipo atarudi kututafuta sisi.

Alikitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Jioni alikifuta kwa kitambaa, hasa kama alikuwa amekatia migomba, kwa sababu utomvu wake ukilala kwenye chuma huacha weusi, kisha kutu. Mara moja moja alidondosha tone la mafuta ya cherehani pale kinapokunjikia. Na kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba na kinoo ambacho babu alikiokota mtoni. Alikilowesha, akanoa mara tano upande huu, mara tano upande ule, akakipitisha kwenye mkanda wake wa ngozi, kisha akaweka makali juu ya ukucha wa kidole gumba. Yakikwama, alitabasamu. Yakiteleza, alianza upya.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asikinoe kila siku, kama anakipenda hivyo.

"Kila ukinoa unapunguza chuma," alisema. "Ukinoa kila siku utakimaliza. Ukikaa miezi bila kunoa, siku ukianza utakipunguza sana ndipo kirudi. Kwa kazi zangu mimi, mara moja kwa wiki inatosha."

Miaka hiyo biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na vitu vya Kenya vilipita mpakani Holili vikajaa masokoni. Darasani kwetu wasichana walianza kuja na bangili zinazong'aa. Mimi sikuwa nayo hata moja. Lakini kwenye redio mbovu ya babu kulikuwa na waya wa shaba, na waya wa shaba ukiusugua kwa majivu hung'aa kuliko dhahabu. Kilichokosekana kilikuwa kitu cha kuukatia.

Alhamisi moja jioni Baba alikuwa anaoga, suruali yake ikiwa imetundikwa nje ya bafu. Nilikichukua kisu. Niliulaza waya juu ya jiwe, nikaweka makali juu yake, nikagonga kwa jiwe lingine. Nilipata bangili tatu. Nilipokiinua kisu kwenye mwanga nikaona mapengo, moja, mawili, manne, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikimbilia ngazi ya saruji ya mlango wa nyuma, nikaanza kukisugua kwa nguvu zangu zote. Kilitoa sauti mbaya. Mapengo yalipungua kidogo, na chuma kikang'aa kwa mikwaruzo, na kwa akili yangu ya miaka kumi nikajiambia kwamba kinachong'aa kina makali. Nilikirudisha mfukoni. Usiku ule nilihesabu: kesho Ijumaa, keshokutwa Jumamosi. Siku moja tu ya kuishi kwa amani.

Ijumaa niliporudi shule nilimkuta Baba ananisubiri njiani, amemshika Furaha, ng'ombe wetu wa maziwa. Furaha alikuwa amelia tangu asubuhi, anataka dume, na hali hiyo haisubiri; ikipita, unangoja wiki tatu nyingine. Dume lilikuwa kwa mzee mmoja ng'ambo ya korongo. Mama alikuwa amekwenda sokoni.

"Weka mkoba hapo, Aika. Pita nyuma, umswage."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, marahaba. Twende."

Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa utelezi mtupu. Kamba ya Furaha ilikuwa mpya, ya nailoni, rangi ya bluu. Zamani tulitumia katani, lakini hizi za nailoni zilikuwa hazikatiki wala haziozi, na kila mtu alizisifu. Kwa kuwa iliteleza mkononi, Baba alikuwa ameizungusha kiganja cha kushoto mara mbili. Mimi nilitembea nyuma nikiwa na fimbo, macho yangu yakiwa kwenye mfuko wake wa kulia.

Pale njia inapobana kando ya korongo, miguu ya nyuma ya Furaha iliteleza. Alijaribu kujiinua, udongo ukamomonyoka, akateremka mwili mzima. Kamba ikakazika kwa kishindo. Baba akaanguka kifudifudi, akaburutwa, na kama si kukumbatia shina la mgrevilea kwa mkono wa kulia angemfuata chini. Alibaki hapo amenyooka, mkono mmoja kwenye mti, mwingine ukivutwa na ng'ombe mzima anayetapatapa.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Aika," alisema, kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua. "Kisu. Mfuko wa kulia. Kata kamba."

Nilikitoa. Kilifunguka kwa urahisi, maana kilikuwa kimetiwa mafuta. Nikaweka makali kwenye kamba, nikakandamiza. Kikateleza. Nikarudia. Kikateleza tena, kama kwamba ninakata kwa kijiko. Vidole vya Baba vilikuwa vimegeuka rangi, na kila Furaha aliporusha miguu, kamba ilizidi kuzama kwenye nyama. Nilitaka kusema, Baba, ni mimi, nilikata waya. Nilikuwa nalia na kukata, kukata na kulia, na kamba ile ya bluu haikubaki hata na alama.

"Usikandamize," Baba alisema. "Vuta kuelekea kwako. Tumia pale karibu na mpini. Karibu kabisa na mpini."

Nilisogeza. Pale karibu na mpini kisu kiliuma. Uzi mmoja ukaachia, ukafuata mwingine. Sijui ilichukua muda gani. Kwangu mimi ilichukua utoto wote. Kisha kamba ikapasuka kwa mlio kama kiboko, Furaha akabiringika chini, na Baba akavuta mkono wake kifuani na kuulalia.

Nilikimbia kwa jirani yetu, Mama Ndeshi. Alikuja na kanga, akamfunga Baba mkono, na wanaume wakamteremsha hadi barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali mjini. Furaha walimkuta kwenye shamba la watu, magoti yamechubuka, anakula majani ya magimbi kama mgeni aliyealikwa. Baba alirudi Jumatatu. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeondolewa, na cha pili yake hakikukunjika tena mpaka mwisho wa maisha yake.

Bangili nilizitupa chooni. Sikuweza kula. Mama alidhani ni mshtuko, akanipikia mtori wa ndizi na nyama, akanikalisha karibu na moto. Kila aliponionea huruma nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi ikaja. Baba alikaa kwenye kigoda chake, mkono umefungwa bandeji nene, akaniita.

"Lete kinoo na maji. Mimi siwezi kushika vyote viwili. Utanoa wewe."

Nilikaa mbele yake. Alinifungulia kisu, akanionyesha namna ya kukilaza. Mwangaza wa asubuhi ulipiga moja kwa moja kwenye mapengo.

"Baba," nilisema, "ni mimi. Nilikatia waya. Halafu nikakisugua kwenye ngazi."

"Najua," alisema. "Ijumaa asubuhi nilikishika, nikakiweka kwenye ukucha. Kilikuwa kimeharibika chote isipokuwa karibu na mpini. Nilijua ni wewe, maana ngazi ilikuwa na alama. Nikasema nitakinoa kesho, leo nina haraka. Nikakitia mfukoni."

"Lakini mimi ndiye niliyekiharibu."

"Uliharibu, na hukusema. Hayo ni yako. Ila mtu anayetoka nyumbani na kisu butu huku anajua ni butu, hawezi kumlaumu mtoto. Haya, mara tano upande huu."

Nilidhani ananifariji. Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Na kwa kuwa tangu siku hiyo kunoa kulikuwa kazi yangu kila Jumamosi, hata baada ya bandeji kutoka, niliamini pia kwamba ndiyo adhabu yangu. Nilinoa nikiwa na hofu. Yeye alikaa mbele yangu, hakuniharakisha, na nilipomaliza alikipokea kwa mikono miwili, ule mzima na ule wenye vidole vitatu tu vinavyokunjika, akasema, "Asante, mama."

Nilikuwa nimeshazaa mimi mwenyewe nilipoielewa ile Ijumaa upande wake. Siku moja nilimbeba mwanangu kwenye gari ambalo breki zake zilikuwa zimelia wiki nzima, nami nikisema kesho, kesho. Tulifika salama. Nilizima injini nikabaki nimeshika usukani, siwezi kushuka, huku mtoto akiniuliza kuna nini. Nikamwona Baba amelala kwenye tope, akimwomba mtoto wa miaka kumi amwokoe kwa kisu ambacho asubuhi alikijua ni kibovu, huku akimwona mtoto huyo akilia akidhani kosa lote ni lake.

Hakunipa adhabu. Kila Jumamosi alikuwa akiniomba radhi, kwa namna pekee aliyoijua, kwa kunikabidhi kisu chake, nami nilikaa pale miaka yote hiyo nikiinamisha kichwa, nikisubiri anisamehe.