Malengelenge Mawili Kutoka Susuni Hadi Ukweni

Kwa mwaka mzima na zaidi niliamini, bila shaka hata punje, kwamba maji ya ndani ya lengelenge la mguu yanatoka kichwani, pale pale elimu inapokaa. Aliyeniambia ni Mwita, tuliyekaa naye benchi moja katika kisomo cha jioni hapa kwetu Susuni. Alisema kuna mtu alihitimu kama sisi, akapewa cheti, akatembea kwa mguu kwenda Musoma. Njiani lengelenge likapasuka, maji yakamwagika, na alipofika hakuweza tena kutofautisha herufi na nyayo za kuku. Nikamuuliza Mwita, mbona mama zetu hutembea kila siku na hawapati shida hiyo? Akanijibu kwa upole kabisa, akiniita kijana kwa Kikurya: "Wao hawana kisomo cha kumwagika, mura." Jibu hilo lilinitosha. Nilikuwa nimesoma miaka miwili kwa taa ya chemli, mtu mzima mwenye mke na mtoto, macho mekundu kama ya fisi. Sikuwa tayari kuyamwaga hayo yote barabarani.

Safari yenyewe ilitokana na barua. Wakati wa kuhamia vijijini, mama mkwe wangu alipangiwa kijiji kipya ng'ambo ya Mto Mara, wilaya ya Serengeti. Mwanawe Chacha, ndugu wa mke wangu, aliondoka siku chache baada ya kumzika baba yao, bila kumuaga mtu, na kwa miaka mitatu hatukusikia kama yu hai. Sasa barua ilikuwa imefika, na mama alikuwa ameiweka chini ya mto wa kulalia bila kuifungua. Watoto wa shule walikuwapo, lakini nyumba za kijiji kile zimepangwa mstari. Barua ikisomwa nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho inalia. Kama ni habari ya kifo au ya jela, alitaka aisikie yeye kwanza. Akatuma neno kwa mtu aliyekuja mnadani: "Aje mkwe wangu aliyesoma."

Mke wangu Ghati aliposikia alichukua jembe akalima kipande ambacho alikuwa ameshakilima jana yake. Nikaenda kuomba likizo kwenye ghala la kahawa la ushirika, ninapofanya kazi, nikapewa siku kumi na nne.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka. Mtoto wetu Bhoke tulimwacha kwa mama yangu. Ghati alivaa katambuga zake za tairi, zilizokwisha tembea, kwa hesabu yangu, kutoka hapa hadi Misri na kurudi mara mbili. Mimi nilivaa viatu vipya vya ngozi, vyeusi, ambavyo nilikuwa nimevitunza kwenye boksi tangu siku ya cheti nisije nikavichakaza. Soksi nilikuwa nazo pia, jozi mbili nyeupe, lakini nilizifunga ndani ya mfuko wa shati ili zifike safi.

Ghati alinitazama miguuni. "Baba Bhoke, soksi huvaliwa."

"Nitazivaa tukikaribia. Ni za ukweni."

"Na miguu je, hiyo si ya ukweni?"

Nikatangulia njiani. Mtu aliyehitimu hashindani na mtu barabarani.

Kufikia saa nne kisigino cha kulia kilianza kupata joto. Kufikia saa sita kisigino cha kushoto kikaona wivu. Nilitembea kama jogoo juu ya majivu ya moto, nikijitia kuangalia mazao ya watu ili Ghati asione sababu ya kusimama. Kuna shamba moja la mihogo nililisifia kwa muda mrefu hata mwenyewe akatoka kuuliza kama nataka kulinunua.

Tarime mjini tulifika alasiri. Tulipita kwa Mzee Sefu, fundi viatu, aliyenishonea vile viatu. Wazee wake walitoka pwani zamani na yeye amezaliwa hapa hapa. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yako chini, kwenye viatu alivyonishonea.

"Umevivaa siku ngapi?" akauliza.

"Leo tu, mzee."

"Leo tu. Na bila soksi." Aliweka nyundo chini taratibu kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Mwanangu, sikukwambia uvivae nyumbani wiki nzima, uende navyo kisimani, uende navyo chooni? Kiatu kipya hakijaujua mguu wako. Kinaujulia barabarani, na kinaujulia kwa meno."

Akanipa mafunzo ambayo nayatoa bure kwa yeyote anayesoma hapa. Vaa soksi, na mshono wake usikae chini ya vidole. Paka mafuta kisiginoni na katikati ya vidole kabla ya kutoka, usingoje maumivu. Kwenye mteremko kaza kamba juu kwenye kifundo ili mguu usiteleze ukagonga mbele. Kwenye tambarare legeza kidogo. Na ukisikia joto, joto tu, simama hapo hapo uvue uangalie, maana joto ni barua na lengelenge ni mwenyewe amefika. Ghati alisikiliza yote kwa kutikisa kichwa. Mimi pia nilisikiliza yote. Kisha nikamshukuru, tukaenda kulala kwa binamu yangu, na soksi zikabaki kwenye mfuko wa shati.

Alhamisi ilikuwa ya mteremko wa kwenda Nyamongo. Mteremko ule ni mrefu, nadhani ukidondosha chungwa juu yake asubuhi utalikuta chini limeshaiva mara ya pili. Kila hatua vidole viligonga ngozi ya mbele, na visigino vilisuguana na ngozi ya nyuma. Niliogopa kuvua viatu nisije nikaona nilichokuwa nakijua. Ghati alitembea mbele akiimba kwa sauti ndogo wimbo wa mavuno, na mara kwa mara alisimama kujifanya anafunga mzigo upya. Mzigo ule ulifungwa mara kumi na tano. Ninajua sasa kwamba haukuwa umelegea hata mara moja.

Jioni kabla jua halijazama tulifika Nyamongo, nyumbani kwa dada mmoja wa ukoo wa Ghati ambaye mumewe alikuwa anachimba dhahabu kwa sululu. Nilivua viatu. Visiginoni kulikuwa na malengelenge mawili, kila moja kama yai la kanga, na nikisema kanga nimepunguza. Dada yule akaleta sindano aliyoipitisha motoni.

Nikarudisha miguu chini ya kigoda. "Hapana. Hayatobolewi haya."

"Shemeji, mwanamume aliyetahiriwa kwa kisu anaogopa sindano?"

"Siogopi sindano."

"Unaogopa nini basi?"

Ghati alinitazama usoni kwa muda. Alikuwa hajui kuhusu maneno ya Mwita. Sikumwambia, na sababu ni hii. Alikuwa ametembea siku mbili akitegemea kitu kimoja tu, kwamba mumewe anaweza kusoma. Ningemwambiaje kwamba kusoma kwenyewe kumeshuka mpaka kisiginoni na kumebanwa na ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu?

"Mwacheni," akasema. "Miguu ni yake."

Akayafunika kwa kitambaa safi kilichokatwa kwenye kanga yake. Ilikuwa kanga nzuri.

Ijumaa tulipumzika, maana nilishindwa hata kusimama sawasawa. Jumamosi alfajiri tukaenda mtoni. Mto Mara ulikuwa umejaa nusu. Mwenye mtumbwi alituambia tukae katikati tusicheze, kwa sababu viboko walikuwa wameamka vibaya. Mmoja alitoa kichwa akanitazama kama tumewahi kugombana. Mtumbwi uliyumba, maji yakaingia, na viatu vyangu vikajaa kama vikombe viwili.

Ng'ambo ya mto Ghati alisema, "Vua, ukaushe miguu kwanza."

"Tukichelewa jua litatukuta."

Basi nikatembea na ngozi iliyolowa. Kama kuna mtu anataka kujua njia ya haraka ya kuharibu mguu, hiyo ndiyo: maji, ngozi ngumu, na kiburi. Hatukufika mbali. Kwenye kijilima kimoja chenye mawe nilisikia la kulia limepasuka, joto likateremka unyayoni. Hatua kumi baadaye, la kushoto.

Nilikaa kwenye jiwe. Mama Bhoke akarudi akachuchumaa mbele yangu, akavua viatu vile kimoja baada ya kingine, akafuta miguu yangu kwa ncha ya kanga, kisha akachukua soksi nyeupe kutoka mfukoni mwangu bila kuniomba na kunivalisha kama mtu anavyomvalisha Bhoke. Machozi yalinitoka. Alifikiri ni maumivu.

"Tumekaribia," akasema. "Unaona yale mabati? Pale shule. Nyumba ya mama ni ya nne."

Nikatazama shule ile. Kulikuwa na maneno yameandikwa ukutani kwa chokaa. Nikageuza uso haraka nisije nikajaribu kuyasoma.

Tulifika saa sita mchana. Wasomaji wa kwetu wanajua, lakini kwa wa mbali niseme: kwa Wakurya mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na mmoja akimwona mwenzake njiani huacha njia. Ni heshima, wala si ugomvi. Kwa hiyo nilikalishwa kwenye kigoda nje, mgongo ukutani, na mama mkwe alikaa ndani upande wa pili wa ukuta ule ule wa miti na udongo. Ghati alikaa mlangoni, akiwa nusu kwake na nusu kwangu. Barua ikatoka ndani, ikapita mkononi mwake, ikanifikia ikiwa bado na joto la mto wa kulalia.

"Karibu, mkwe," sauti ikasema kupitia ukutani. "Nasikia miguu imekusumbua. Pole. Soma pole pole, sina haraka. Nimengoja miezi miwili."

Niliifungua. Herufi zilikuwapo, lakini zilikuwa zinacheza. Nikajiambia, zinatoka, Marwa, ziwahi kabla hazijaisha. Nikashika neno la kwanza kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe mtoni. *Mama.* Nikashika la pili. *Mama yangu mpendwa, mimi ni mzima.*

Ghati aliweka kiganja mdomoni.

Nilisoma yote, nikikwama na kurudi. Chacha yuko Tanga, kwenye mkonge. Aliondoka kwa sababu kila alipotazama kigoda cha baba alishindwa kumeza chakula. Aliona aibu kuaga, na baadaye akaona aibu kwamba hakuaga. Ameoa. Amepata mtoto wa kike na amempa jina la mama, Wankuru.

"Rudia hapo," sauti ikasema.

Nikarudia.

"Rudia tena hapo alipolitaja jina."

Nililisoma mara nne. Mara ya nne sauti yangu nayo haikuwa nzuri sana.

Siku sita tulizokaa pale, mama aliitibu miguu yangu bila kuiona. Asubuhi na jioni alichemsha maji ya chumvi, Ghati akayaleta nje. Akatuma mafuta ya kondoo. Akatuma amri kwamba nikae na miguu juu ya gogo na hewa iipige. Siku ya nne zikaletwa katambuga za marehemu mzee, zimelainika kama ulimi, na zilinienea. Mimi kwa upande wangu sikusoma kitu chochote, hata maneno ya kwenye kiberiti. Niliamini mabaki ya kisomo changu yaliishia kwenye barua ile, nami nilikuwa nimeridhika, maana yalikwenda mahali pazuri.

Safari ya kurudi haina habari. Soksi, katambuga, mafuta kila asubuhi, kusimama kila nikisikia joto. Hapakuwa na lengelenge hata moja, na mguu usiouma hauna hadithi. Habari ni asubuhi ile tulipokuwa tunaondoka, mizigo iko mlangoni, ndipo Ghati alipotoka na karatasi na kalamu.

"Mama anataka umwandikie Chacha jibu."

"Mwambie siwezi."

Alirudi ndani. Nilisikia mazungumzo ya chini, kisha ukuta ukasema kwa sauti ya mtu aliyeumia na hataki ijulikane: "Mkwe, kama mwanangu amekukosea kwa kuondoka kwake, niambie. Sitakulazimisha."

Hapo nikashindwa. Nikasema yote, tangu maneno ya Mwita na mtu wa Musoma na nyayo za kuku, mpaka kile kijilima cha mawe. Ghati aliketi kizingitini pale pale aliposimama.

"Mkwe," sauti ikasema, "malengelenge yalipasuka lini?"

"Jumamosi, mama. Asubuhi."

"Na barua ulinisomea lini?"

"Jumamosi. Mchana."

"Basi. Hayo ni maji ya ngozi iliyosuguliwa na kiatu kipya. Hayatoki kichwani. Chukua kalamu, andika: Chacha mwanangu."