Mtihani wa mtandaoni unavyomweka Mama Mvuke tumbo joto

Saa mbili na robo asubuhi. Chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji, nyuma kabisa ya jengo la hospitali, kina joto la kumgandisha mtu shati mgongoni. Mwanamke wa miaka arobaini na moja amesimama mbele ya meza ndefu ya chuma. Anakunja kitambaa cha kijani juu ya mikasi na koleo, anafunga kitita, anabandika utepe, kisha anatupa jicho kushoto. Anavuta kitita kingine. Anafunga. Anatupa jicho kushoto.

Kushoto kwake, ukutani, kuna geji inayopima presha ya mtambo wa mvuke unaotakasa vifaa. Mshale wake ukivuka mstari mwekundu, mtu hana muda wa kuulizana na mwenzake.

"Kitita kimoja, jicho moja," anasema bila kusimamisha mikono. "Ndivyo nilivyofundishwa. Aliyenifundisha alisahau siku moja tu, na mkono wake wa kulia mpaka leo haunyooki."

Wauguzi wanamwita Mama Mvuke, na jina limemkaa. Kwa miaka kumi na minne tabia hiyo imemlinda yeye na wenzake. Sasa ndiyo imemtia matatani, na si hapa kazini, bali mezani kwake nyumbani.

Miaka sita iliyopita alijiandikisha katika chuo kikuu kinachofundisha kwa mtandao. Kila somo analofaulu humpa krediti tatu, na krediti zikitimia mia moja na ishirini chuo kinamtunuku shahada. Ada ya somo moja ni theluthi ya mshahara wake wa mwezi. Chuo cha kukaa darasani kingemlia mishahara ya miezi kumi kila mwaka, na hapo hajanunua hata kalamu. Kwa hiyo amekwenda mdogo mdogo, somo baada ya somo, mpaka amefikisha krediti tisini na sita.

Hasomi kwa kujifurahisha. Mwakani hospitali inaleta mitambo mipya, na agizo limeshabandikwa ubaoni: msimamizi wa chumba hiki lazima awe na shahada. Yeye amekaimu nafasi hiyo miaka mitano.

"Nisipoipata, nitamfundisha kazi mtu atakayekuja kuwa bosi wangu," anasema. "Akishaijua, mimi napelekwa kufua mashuka."

Zamani mitihani ya chuo ilikuwa ya kuandika na kutuma. Muhula huu wameleta kamera. Mtahiniwa anakaa peke yake chumbani, kompyuta inamkodolea macho mwanzo hadi mwisho, na ole wake anayegeuza uso.

Siku ya mtihani wa takwimu aliamka mapema, akaweka kompyuta sebuleni. Nyumba yake ni ya vyumba viwili, na sebule imegawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia ndiko anakolala mama mkwe wake. Bibi huyo aliamua kukaa hukohuko, amelibana blanketi mdomoni, asije akamharibia mkwewe.

"Nilijizuia kukohoa mpaka machozi yakanitoka," anasimulia bibi, akijipigapiga kifua. "Dakika za mwisho kikohozi kikanishinda. Nikakohoa mara moja. Moja tu, mwanangu!"

Mama Mvuke alitoka mtihanini akicheka. Maswali arobaini, na aliona amejibu vizuri. Siku nne baadaye ikaja barua pepe. Aliisomea hapa hapa kazini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Barua ilisema kwamba mtahiniwa alitazama kushoto mara thelathini na nane, na kwamba sauti ya mtu wa pili ilisikika kutoka upande huohuo. Chuo kinamshuku kusaidiwa. Ataitwa mbele ya jopo kwa njia ya video, na akipatikana na hatia krediti zote zitafutwa, za somo hilo na za miaka yote sita.

Anasema: "Nilidhani wamekosea mtu. Mimi nimetazama kushoto? Kushoto kuna nini? Kuna pazia!"

Mama mkwe anadakia, amekasirika kweli: "Eti mimi nimpe majibu ya takwimu! Mimi ambaye hata namba za simu ananibonyezea yeye!"

Ndani ya barua kulikuwa na kiungo cha video. Aliifungua, akajiona. Anasoma swali, anabonyeza jibu, anatupa jicho kushoto. Swali jingine, jibu, jicho. Mikono iko kwenye kompyuta, lakini shingo iko kazini.

Hapo hofu ikaingia hasa. Kosa ambalo mtu hajui kwamba analifanya, ataahidi vipi kuliacha? Akaamua kujifunza upya. Kila alasiri mama mkwe alimviringishia taulo shingoni, akalibana kwa pini, akaketi mbele yake na kumkemea kila kichwa kilipotikisika. Siku tano, saa nzima kila siku. Kichwa kikaanza kutii.

Jumanne ya wiki iliyopita kikatii kupita kiasi.

Anayeeleza ni mwenzake wa zamu, mwanamke wa miraba minne ambaye hapa wanamwita Chuma. "Nimerudi kutoka wodini, namkuta amefunga vitita kumi na moja, vimepangwa vizuri, na yeye macho mbele kama askari. Natazama geji, mshale umepita mwekundu! Nikapiga kelele, nikamvuta kwa aproni. Valvu ya usalama ikafunguka, chumba chote kikawa cheupe kwa mvuke."

Hakuna aliyeungua. Mama Mvuke alitoka nje akanawa uso kwenye bomba la maji, na siku hiyo hakufunga tena kitita hata kimoja.

"Naogopa," anasema sasa, na sauti yake imeshuka. "Naliogopa jopo, naiogopa na hii mashine. Nikitazama, napoteza masomo. Nisipotazama, nitamuua mtu. Utafanyaje na kichwa cha namna hiyo?"

Taulo limerudi kwenye kamba ya kuanikia. Ni Chuma aliyeomba kuiona ile video, akaitazama mara mbili huku akitafuna kucha, kisha akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliwaza.

"Shoga, mbona unatazama ukishajibu? Anayeibia si anachungulia kwanza, ndipo ajibu?"

Waliikagua pamoja tangu mwanzo. Mara zote thelathini na nane, jicho limekwenda kushoto baada ya jibu kubonyezwa. Mama Mvuke ameziandika dakika na sekunde zake kwenye karatasi, na muuguzi mkuu amemwandikia barua ya kueleza jinsi kazi ya chumba hiki inavyofanyika. Zote mbili amezituma chuoni. Jibu lililorudi lina mstari mmoja: "Tumepokea." Basi.

Jopo ni Alhamisi, saa sita mchana. Ameomba asikilizwe akiwa humu kazini, mtambo ukichemka, ili watu watatu asiowajua waone kwa macho yao kilichoko kushoto. Wamekubali awe mahali popote mradi awe peke yake. Chuma atasimama nje ya mlango. Mama mkwe ameshasema siku hiyo atashinda kwa jirani wa mtaa wa tatu, ingawa hakuna tena sababu ya yeye kuondoka nyumbani.

"Kikohozi changu sikiamini," anasema bibi.

Je, jopo likimkatalia? Mama Mvuke anafuta meza ambayo tayari ni safi.

"Ningependa nikwambie nitaanza upya. Nisikudanganye. Miaka sita mingine sina."

Lakini kuna jambo moja hakutaka lipite. Dirisha la kujiandikisha kwa somo linalofuata linafungwa leo Jumatano, siku moja kabla ya jopo. Ada ikishalipwa hairudishwi, hata kama kesho watamfukuza. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alimpigia simu kutoka njiani akamsihi asubiri kwanza. Chuma naye alimwambia asubiri. Kwa akili ya kawaida, kila mtu angesubiri.

Saa moja asubuhi, kabla ya kuvaa aproni, alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo na simu mkononi.

"Nilijaza kila kitu, mpaka namba ya kulipia ada," anasema. "Mwisho ikaniuliza kama nina uhakika. Sina. Nikabonyeza ndiyo."