Daftari la Ndege Aliandika Yona

Yona wa Ilongero hatunaye tena. Tumemzika jana mchana, na mimi nimetoka makaburini na aibu kubwa kuliko huzuni. Naomba mnisome mpaka mwisho, halafu mniseme mnavyotaka.

Wengi humu kwenye grupu mnanijua kama Rama wa IT. Nilianzia kwenye kituo cha kompyuta cha chumba kimoja pale Singida mjini, miaka ile watu binafsi walipoanza kufungua biashara zao na kompyuta zikaanza kuonekana mtaani. Kompyuta nne, feni moja, na mzee mwenye kituo ambaye hakuruhusu mtu aguse kitu kabla hajanawa mikono.

Mashine ya pembeni ilikuwa na gemu la ndege za kivita. CD ya kunakili, haina kitabu cha maelekezo. Ndege kumi na mbili, na kila moja na vitufe vyake.

Mimi niliweza kurusha moja tu, na kutua ilikuwa kesi. Nilisahau kuteremsha matairi kila mara. Ndege inaburuza tumbo uwanjani, Yona anacheka mpaka anashika ukuta.

Yeye alizijua zote. Alibonyeza kitufe kimoja kimoja, akaangalia nini kimetikisika, akaandika kwenye daftari. Kama hakijatikisika kitu, aliandika pia.

Zamu zetu zilikuwa fupi, kwa hiyo alichora kibodi nzima kwenye boksi la mafuta ya alizeti akaenda nalo kwao. Anakaa juu ya debe, mpini wa jembe katikati ya magoti kama usukani, macho amefumba, anarusha ndege. Nilikuwepo siku mama yake alipomkuta.

"Yona, unaendesha nini?"

"Ndege, mama."

"Haya. Ukishashuka, kanyweshe ng'ombe."

Na hao ng'ombe ndio waliokuwa siri yake. Majina ya ndege yalikuwa namba na herufi tu, yalimchanganya, basi akazipa majina ya ng'ombe wa kwao. Mkorofi ilikuwa ya pangaboi, ukiirusha inavuta kushoto, lazima uibane kulia mapema. Madoa ilikuwa ya jeti, mpole angani lakini ukipunguza mwendo ghafla inakuangusha. Aliniambia, "Rama, hawa ni kama wa kukamua. Ukimshika Mkorofi kama unavyomshika Madoa, utapigwa teke."

Aisee, nilicheka sana siku ile.

Sasa sehemu inayoniuma. Nilikuwa nimeazima lile daftari ili nijifunze kutua. Mzee wa kituo akalikuta mkononi mwangu, akasoma kurasa kadhaa akiwa amesimama.

"Rama, hii kazi umeifanya wewe?"

Nikasema ndiyo. Hakuna mtu aliyenilazimisha.

"Mtu anayeweza kuandika hivi anaweza kumfundisha yeyote kompyuta. Natafuta instructor. Na huyu Madoa ni nani?"

"Ng'ombe wa kwetu, mzee."

Kwetu! Baba yangu alikuwa karani, tumepanga vyumba viwili mjini, hata kuku hatukuwa naye.

Nilipogeuka, Yona alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Mzee akamuuliza, "Eti Yona, ni kweli?"

Akaniangalia. Alijua nimefeli form four na nyumbani nimeshaambiwa nijitafutie pa kwenda. Na yeye kazi ile aliitaka kuliko kitu chochote, alikuwa ameniambia wiki hiyohiyo.

"Ni kweli, mzee. Mimi nilimsaidia kupiga mistari tu."

Nikawa instructor. Nikapelekwa kozi Dar, nikapata ajira, nikawa boss wa watu. Yona akarudi Ilongero kwenye alizeti na ng'ombe. Kila Krismasi alinitumia dumu la mafuta, mimi Mwislamu, na kunipigia, "Mwalimu, mzigo umefika?" Sikuwahi kujua kama hilo neno mwalimu lilikuwa utani au lilikuwa kisu.

Mara moja tu aliniuliza, "Lile daftari bado unalo?"

Nikamwambia lilipotea. Lilikuwa kwenye droo ya meza yangu. Niliogopa ataliomba.

Jana wakasoma wasifu wake. "Marehemu alipenda sana kompyuta, na alifundishwa na rafiki yake Ramadhani, ambaye tuko naye hapa." Watu wote wakageuka. Nikasimama, nikainamisha kichwa, nikakaa.

Baadaye mkewe akanishika mkono. "Shemeji, alikuwa anawaambia watoto, someni kama anko Rama, aliandika daftari la ndege kumi na mbili bila hata kitabu cha kuangalizia."

Mnajua nilimjibu nini? "Asante, shemeji." Mtu mzima mimi, na mvi zangu.

Yona aliubeba uongo wangu mpaka nyumbani kwake, akaulisha wanawe, ili mimi nisiaibike. Sijui kama kuna namna ya kumshukuru mtu kwa hilo. Najionea haya.

Picha hapo juu ni daftari lenyewe. Mwandiko ni wake, ng'ombe ni wake, akili ni yake. Jumamosi nalirudisha Ilongero. Nitampa mama yake shikamoo, na nitasema mbele ya wanawe wote.

Yona ndugu yangu, jana yalitakiwa maneno matano tu, nikayameza. Nayasema leo: daftari la ndege aliandika Yona.

Yule mzee wa kituo hakufika ukurasa wa mwisho. Angefika, angejua palepale. Umeandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: RAMA, USISAHAU MATAIRI.

Tua salama, mwalimu wangu.