Fimbo ya Baba Mkwe

Leo baba mkwe ameongea na mimi kwa mara ya kwanza, na hajafungua mdomo!

Nimeolewa Ukuryani, hapa Nyamwaga. Huku mke wa mtoto haongei na baba mkwe ana kwa ana. Hata chakula ninachompikia anapeleka mume wangu.

Sasa mnajua ninavyojifunza Morse kwenye simu, ile milio mifupi na mirefu inayogeuka herufi.

Mchana niko jikoni, nikapiga SHIKAMOO kwa milio hiyo ya simu. Kujaribu tu.

Nje, fimbo ya baba mkwe ikajibu kwenye bati. Kugonga ni mlio mfupi, kuburuza ni mrefu.

Nikaandika kwa mkaa ukutani, herufi moja moja.

MARAHABA.

Jamani!

Nikamkimbilia mume wangu. Anacheka: "Mzee si alikuwa anapiga telegramu posta enzi za ujamaa? Hukujua?"

Ningejuaje, na siongei naye?

Fimbo ikaanza tena, polepole, kama anamfundisha mtoto. Nikarudi jikoni kutafsiri.

CHUMVI IMEZIDI.

Miaka yote hii anakula tu!

Wazee wa Mara mliomo humu kundini, hii inahesabika kuongea na mkwe?

Nijibuni haraka. Nimeshapiga SAMAHANI BABA, na fimbo inaburuzwa tena.