Meza ya Kiingereza

Kwa miaka mingi nimekana kwamba Kiingereza chetu ndicho kilichomwondoa bibi mezani. Wadogo zangu wakiniuliza, nilijibu kama baba alivyokuwa akijibu: bibi alipenda kukaa jikoni kwa sababu ya moto. Na moto ulikuwepo kweli. Harufu ya kuni zilizolowa mvua za vuli na maharage yanayotokota hunirudisha mpaka leo kwenye jiko letu la uani, Kilakala, Morogoro, msimu ule niliomaliza darasa la saba nikawa nasubiri sekondari.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo, na hakutaka binti yake akaaibike kidato cha kwanza. Akatangaza kwamba mezani, mpaka shule zifunguliwe, ni Kiingereza tu, asiyekiweza anyamaze. Mimi nilikuwa na kitenzi kimoja cha kutegemea, “get”, nikakitumikisha kama punda. “I get water,” nikitaka maji. “I get tired,” nikitaka kulala. “I get you,” baba akiuliza kama nimeelewa, hasa nilipokuwa sijaelewa. Mama alikula harakaharaka na kuondoka. Mimi nilijiona nimekaribia kabisa Ulaya.

Ndipo bibi, mama yake mama, alipoteremka kutoka milimani, upande wa Mgeta, kuja kutibiwa miguu. Kwao mama mkwe hali na mkwewe hivihivi, lakini baba, kwa usomi wake, alimvutia kiti akamkalisha karibu naye. Ilikuwa heshima kubwa, ila haikuwa na maneno. Jioni ya kwanza bibi alisema, “Kwetu mwaka huu mvua imewahi.” Baba akatabasamu, akanitazama mimi nitafsiri. “Rain get early,” nikasema. Akanisahihisha, nikakosea tena, akanisahihisha tena, na tulipomaliza, habari ya mvua ilikuwa imeshakufa. Bibi hakuanzisha nyingine.

Haikupita wiki akachukua sahani yake. “Miguu yangu inataka moto, Baba Zuhura,” alimwambia baba kwa adabu zote, akatoka. Kesho yake nikamfuata na sahani yangu.

“Mke mwenzangu, na wewe umefukuzwa?”

“Hapana, bibi. Nimekuja tu.”

“Haya, kaa. Hebu nieleze hilo neno lako, maana kila ukifungua mdomo ni hilohilo.”

Nikamweleza: ni kupata, ni kuleta, ni kufika, ni kuelewa, na mtu akichoka, akilowa au akizeeka, linaingia pia. Bibi alicheka mpaka akaweka sahani chini. “Maskini neno la watu! Sasa lenyewe linapumzika saa ngapi?”

Mezani nilikuwa nikilirusha tu neno lile. Jikoni, nikimtafutia bibi Kiswahili cha kila kazi yake, ndipo nilipolielewa. Baadaye mama naye akaja na sahani, wadogo zangu wakamfuata. Kupitia dirishani tulimwona baba amebaki peke yake na meza ya watu sita, mgongo umenyooka, kama anasimamia mtihani. “Msimwache mkwe wangu hivyo,” bibi alinong’ona. “Mpelekeeni hata mboga.” Nikampelekea. “Thank you,” akasema. Hakunyanyuka. Bibi akarudi milimani kabla miguu haijapona. Baba alisema amewahi viazi vyake shambani, nasi tukakubaliana kuamini viazi.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha chuo, na kila “get” ya uvivu naizungushia wino mwekundu kana kwamba sikuishi nayo. Mama hatunaye. Baba anakaa Dar es Salaam kwa mdogo wangu, ambako wajukuu wanaongea Kiingereza kuanzia mswaki mpaka mezani, mbio mbio, na babu akitia neno wanamsahihisha matamshi. Juzi nilimpigia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Nakula.”

“Mbona nasikia masufuria?”

“Niko jikoni, na huyu dada wa kazi. Ananisimulia habari za kwao Gairo. Siku hizi nakula huku.”

“Kwa nini, baba?”

Nilimsikia dada akicheka, na kijiko kikigonga sahani.

“Miguu, Zuhura,” akasema. “Miguu inataka moto.”

Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, na shati langu, hata huku Morogoro, lilikuwa limeganda mgongoni kwa jasho.