Mama Atazama Panki

Filamu za muziki wa panki, ule wa magitaa na makelele, nazipenda, hasa zile zinazodai kueleza maisha halisi ya wanamuziki wake, lakini siziamini hata kidogo. Kila mwanamuziki husema hajali kamera, na nywele amezisimamisha kama jogoo anayetaka kupigana! Kisha huletwa mtaalamu mwenye miwani kutueleza kwamba vijana wale walikuwa na hasira na serikali. Nani asiye na hasira na serikali? Kama hasira ingetosha, hapa mtaani Kondele kila nyumba ingekuwa na bendi.

Mama naye hakuniamini mimi. Alipokuja kunitembelea kutoka kijijini Pap Onditi, alisikia kelele za laptopu yangu akashuku nimemwacha Mungu. Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, alivuta kiti akakaa kando yangu kunichunguza. Kwenye filamu, vijana walikuwa wakirukaruka, wakisukumana na kupiga mayowe.

Mama akainama mbele. "Nani amekufa?"

Nikacheka. Kwetu mzee akifa, wanaume hukimbia na ng'ombe, fimbo juu, wakipiga mayowe na firimbi na kutimua vumbi, ili kukifukuza kifo bomani. Baba tulimfanyia hivyo.

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ni muziki tu."

Akanitazama kama mtu anayefichwa msiba. "Basi wanafukuza nini?"

Nimeirudia filamu ile mara nyingi. Mwenye miwani bado anaeleza, nami namtazama mwimbaji anayepiga mayowe, nikishuku kwamba kuna kaburi ambalo kamera haikutuonyesha.